Kichwa cha kardani kimegoma: Mama Fundi anajibu

*Mama Fundi, jambo sana. Ninakuandikia kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Marehemu papa, baba yangu, alituachia Kombi ya Volkswagen ya mwaka 1973, ile ya kioo kimoja kikubwa mbele. Nyuma, upande wa kushoto, ilianza kulia ka-ka-ka kila ninapoondoka, na nilipochungulia chini nikakuta sufle (mpira unaofunika grisi) imepasuka, grisi imerukia kila mahali. Nimefungua bulo (bolti) zote, kardani nzima, yaani ekseli ya gurudumu na viungo vyake, sasa iko juu ya meza. Lakini kichwa, kile kiungo cha mwisho, hakitaki kutoka kwenye ekseli yake. Nimemwagia mazuti (dizeli), nimepiga nyundo, wapi! Jirani anasema tukipeleke kwa mtu wa shalimo (moto wa gesi wa kukatia chuma) akipashe moto mpaka kiwe chekundu. Mwingine anasema nikikate kwa diski ya umeme. Pesa za kuchezea sina. Nifanye nini? — Msomaji wa Katuba*

Jambo sana, mwanangu. Nyundo iweke chini kwanza. Jirani wa shalimo mwambie asante, utamwita siku geti la nyumba yako litakapovunjika.

Barua yako nimeisoma yote na kuna kitu kimoja nimekitafuta humo bila kukiona. Mazuti umeyataja, nyundo umeitaja, majirani wawili umewataja. Serklipsi hukuitaja. Futa sehemu ya katikati ya kichwa, pale mwisho wa ekseli unapochungulia nje. Utaona pete nyembamba ya chuma cha springi imelala ndani ya mfereji wake. Hiyo ndiyo imefunga mlango. Grisi ya zamani ikichanganyika na vumbi letu jekundu inakuwa kama lami, na pete inazikwa humo usiione kabisa. Vichwa vingi vinavyofika kwangu Kampemba vikiitwa "vimeshikwa na kutu" havina kutu lolote. Vimefungwa na serklipsi ambayo hakuna aliyeitafuta, na mwenye gari ameshapiga mpaka mwisho wa ekseli umetandazika kama uyoga. Ukitandazika hivyo, sasa ndiyo kweli hakitoki, mpaka uupige tupa uurudishe upana wake.

Kwa hiyo anza kwa kuosha. Tumia mafuta ya taa au mazuti na brashi ya zamani. Najua wengi wetu tunapenda esansi (petroli) kwa sababu inasafisha haraka, lakini mvuke wa esansi ni mzito, unatambaa chini ukitafuta moto, na nyumbani kwetu mbabula (jiko la makaa) haiko mbali. Osha mpaka uone chuma cheupe.

Ukishaiona pete, tafuta ncha zake mbili. Zipanue kwa koleo la serklipsi, lile linalofunguka unapolibana. Kama huna, bisibisi mbili nyembamba zinatosha na mtu wa pili wa kukushikia. Funika kwa kitambaa unapoitoa, maana inaruka, na jicho halina speya. Iliyopindika usiirudishe, nunua nyingine, bei yake ni ndogo.

Upande wa nyuma wa kichwa kuna kofia ya bati nyembamba ndiyo inayoshika sufle. Nayo itoke kabla hujapiga chochote. Igonge pole pole ukizunguka, kidogo huku, kidogo kule, kwa bisibisi butu. Ukiipiga upande mmoja tu itapinda na haitaziba tena. Ukishaitoa, isogeze pamoja na sufle kuelekea katikati ya ekseli. Sufle iliyopasuka unaweza kuikata kwa kisu sasa hivi, usiionee huruma.

Halafu, kabla ya kupiga, elewa unapiga nini. Kichwa hiki kina pete nzito ya nje, kitovu cha ndani chenye meno ambacho ekseli inapita katikati yake, na kati ya hivyo viwili kuna gololi 6 zilizopangwa ndani ya kizimba. Kwa aina hii ya kiungo cha gololi tunamshukuru Alfred Rzeppa, mhandisi aliyekibuni Marekani miaka ya 1920. Kazi ya gololi hizo ni kupitisha nguvu ya kuzungusha gurudumu hata ekseli ikiwa imepinda. Hazikutengenezwa kubeba nyundo. Sasa fikiria ulivyokuwa unafanya: bila shaka uliiegemeza pete ya nje juu ya kitu, ukapiga ekseli. Nguvu yote ilipita kwenye gololi na kizimba. Ndiyo sababu ninakuomba, ukishakitoa, ukichunguze kizimba kwa jua kali kama hakina ufa.

Kinachotakiwa kuegemezwa ni kitovu. Fungua eto (jiliwa) kiasi cha kupitisha ekseli tu, bila kuibana, kichwa kikae juu ya midomo ya eto, ekseli ining'inie chini. Midomo iguse kitovu chenyewe, karibu kabisa na ekseli. Kama huna eto, vyuma viwili vya pembe vilivyolazwa juu ya magogo mawili vinafanya kazi ileile. Chini tandika gunia, ekseli isianguke kwenye simenti. Kisha usipige ekseli kwa nyundo moja kwa moja. Weka kipande cha shaba nyekundu juu yake, upige shaba. Shaba ni laini kuliko chuma, itaumia yenyewe na mwisho wa ekseli utabaki mzima. Na sisi wa Lubumbashi tukikosa kipande cha shaba, nani atakuwa nacho? Nunua kwa wanaoyeyusha, kipande kinene kama kidole gumba. Waya za umeme za watu ziache zilipo.

Piga kishindo kimoja kizito, pumzika, kimoja kizito. Vipigo vingi vidogo vya hasira havisaidii. Kwa kawaida, serklipsi ikishatoka, kichwa kinashuka kwa vipigo vichache.

Kikikataa hapo ndipo tunaweza kusema habari ya kutu. Maji yakipita kwenye sufle iliyopasuka mvua nzima, meno ya ekseli na ya kitovu yanashikana kweli. Mwagia mafuta ya kupenyeza kutu jioni, simamisha ekseli wima ili yashuke kwenye meno, acha mpaka asubuhi. Mazuti yanafanya kazi hiyo lakini taratibu. Wapo wanaochanganya mafuta ya bwati (sanduku la gia) otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, na mchanganyiko huo unapenya vizuri. Uutikise kabla ya kumwaga kwa sababu unajitenga, na uuweke mbali na moto. Mafuta ya breki niondolee. Yanakula rangi ya gari na mikono yako.

Asubuhi chemsha maji. Ndiyo, maji. Zungushia ekseli kitambaa kilicholoweshwa kwa maji baridi, kisha mwagia maji ya moto juu ya kichwa, hasa kitovu, na upige hapo hapo kabla joto halijatambaa. Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Joto hilo linatosha kupanua tundu la kitovu kwa sehemu ndogo sana ya milimita, nyembamba kuliko unywele, na kutu haitaki zaidi ya hiyo ili iachie. Tena linayeyusha grisi iliyoganda. Ukimaliza kausha vizuri na upake mafuta siku hiyohiyo.

Sasa unaona tofauti na shalimo. Chuma cha gololi na njia zake kimekomazwa kwa moto kiwandani ili kiwe kigumu sana. Kikipita nyuzi 200 na kitu, kinaanza kulainika. Kikiwa chekundu kimeshapita 600. Kichwa kitatoka, sikatai, na jirani atafurahi. Lakini utakachokirudisha kwenye gari ni kipande cha chuma laini ambacho gololi zitakichimba. Shalimo niliitumia kwenye bulo za chasi na nitaitumia tena. Kwenye kichwa cha kardani unachotaka kukirudisha barabarani, hapana.

Diski vilevile, isipokuwa umeamua kichwa hakina maisha tena na unachotaka kuokoa ni ekseli. Hapo kata pete ya nje na kizimba, gololi zitoke, halafu kitovu kitakuwa peke yake na rahisi kushika. Meno ya ekseli usiyaguse.

Na kama maji ya moto na usiku mzima wa mafuta vimeshindikana, beba kardani uende kwa fundi mwenye presi (mashine ya kukandamiza). Mwambie mwenyewe aegemeze kitovu. Simama hapo umwangalie, usione haya. Utalipa kidogo, na ni kazi ya muda mfupi kuliko kupanga foleni ya mkate. Chombo cha kuvutia rulema (beringi), kile cha miguu mitatu, sikipendi kwa kazi hii kwa sababu miguu yake inashika pete ya nje, na tumeshakubaliana pete ya nje si pa kuvuta.

Chini ya kichwa, kwenye ekseli, utakuta rondela (washa) iliyobonyea kama kisahani. Kabla hujaigusa, tazama tumbo lake limeelekea wapi, chora kwa chaki au piga picha kwa simu. Ikirudi kinyume, kichwa kitakaa vibaya na serklipsi itakuwa kwenye mateso.

Sasa kile kilio cha ka-ka-ka. Fungua kichwa, osha, angalia njia za gololi. Ukiona mng'ao tu, uso laini uliochakaa kidogo, kichwa bado kinatumika. Ukiona vishimo ambavyo ukucha unakwama, au kizimba kina ufa, kimekwisha, na grisi mpya haitakifufua. Gololi na vipande vya kichwa kimoja visichanganywe na vya kingine. Vinalingana kwa vipimo tangu kiwandani. Na unapovirudisha, kitovu kina upande wake: angalia ukingo uliopunguzwa kwenye meno yake, ndio unaoelekea bega la ekseli. Kichwa kilichofungwa sawa kinazunguka na kuinama kwa mkono mmoja bila kukwama. Kikikwama, fungua tena.

Kuna siri ya wazee wa Volkswagen ambayo kwa mtu asiye na pesa ni mali. Unapoendesha kwenda mbele, gololi zinasukuma ukuta mmoja tu wa njia zao. Ukuta wa pili unakaa karibu mpya. Ukihamisha kardani nzima ya kushoto iende kulia na ya kulia ije kushoto, ukuta ule uliopumzika ndio unaanza kazi. Kwa uchakavu mdogo unapata muda mrefu. Kwa vishimo haisaidii.

Ukilazimika kununua, usikate tamaa eti gari ni ya zamani. Kombi za umbo hilo ziliunganishwa Afrika Kusini, kule Uitenhage, na Brazil waliendelea kuzitengeneza, kwa mabadiliko kidogo, hadi mwaka 2013. Speya bado zinazunguka, na njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, unaijua. Grisi ni ile nyeusi yenye molibdeni. Ya njano ya kawaida, ile ya kupaka kwenye rotuli (viungo vya usukani), haistahimili shinikizo la gololi. Jaza kichwa chote, kilichobaki weka ndani ya sufle.

Bulo zioshe meno yake na matundu yake mpaka grisi iishe, maana bulo yenye grisi hujifungua yenyewe njiani. Kaza kwa msalaba, bulo moja kisha ile inayoielekea, ukifikia Nm 35 hivi (kipimo cha nguvu ya kukaza). Zina vibati vyao vya kushikia chini ya vichwa, virudishe vyote. Baada ya safari za kwanza, hasa ukipita barabara zetu za vumbi, ingia tena chini na uzikaze.

Ukiingia chini... Hukuniambia gari limesimama juu ya nini. Ninaishi mji huu, ninajua jibu: matofali. Tofali la udongo wa kichuguu ni zuri sana kwa nyumba, linabeba ukuta kwa sababu uzito umetandazwa. Chini ya chasi uzito wote unakaa kwenye ncha moja, na tofali haliaga likitaka kupasuka. Weka magogo mapana au vyuma vya kusimamishia gari, na kriki (jeki) ibaki kama mlinzi wa pili. Magurudumu ya mbele yazuie kwa vigingi pande zote mbili. Usitegemee vitesi (gia). Kardani ikishatoka, hata moja tu, bwati haishiki kitu. Gari litateleza nawe uko chini ukidhani premye (gia ya kwanza) imelishika.

*Mama Fundi, mimi ni dada wa Ruashi, nina Volkswagen 1303, ile Coccinelle ndogo ya mgongo wa mviringo. Nimesikia habari za sufle na nilitaka kuanza mwenyewe, lakini bulo za kardani hazina kichwa cha kawaida. Zina tundu lenye meno mengi ndani. Nilitumia kle (ufunguo wa bulo) ya pembe sita, ya kwanza ikafunguka, ya pili imekuwa mviringo kabisa. Nitatoaje? — Dada wa Ruashi*

Dada, jambo. Una kosa la kle, na halikuanza kwako. Tundu hilo lina meno 12 na linataka kle yake ya meno 12, ya milimita 8. Ya pembe sita inaingia, inadanganya kidogo, halafu inakula meno. Ile yenye umbo la nyota nayo vilevile. Tafuta soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, kwa wauza vyombo, uende na bulo moja mfukoni ili upime palepale, maana muuzaji atakuapia kwamba "ni ileile".

Kwa zilizobaki nzima: tundu limejaa udongo mkavu. Uchokoe kwa msumari hadi chini kabisa, mwagia mafuta, kisha gonga kle ndani kwa nyundo mpaka isikike imefika kwenye chuma. Mlio unabadilika, utausikia. Kle iliyoingia nusu ndiyo inayoharibu bulo, kuliko kutu. Vuta breki ya mkono, fungua mbili unazozifikia, achilia, zungusha gurudumu, vuta tena.

Kwa ile iliyokuwa mviringo, jaribu kugonga ndani kle ya nyota iliyo kubwa kidogo kuliko tundu. Hapo hatuna tena cha kulinda. Ikishindikana, ifungue ya mwisho, baada ya zote, kisha kata kichwa chake kwa patasi kali au kwa tupa. Usiogope. Kichwa cha bulo kikiondoka kardani inatoka, na kijiti kinachobaki hakina tena kinachokivuta. Mara nyingi unakizungusha kwa koleo tu kikatoka. Anayetaka kukuchomelea nati juu yake mruhusu, ila atoe waya wa betri kwanza na aondoe kila kitu chenye grisi na mpira kando ya moto wake.

*Mama, mimi ni mstaafu wa reli, ninakaa Kamalondo. Coccinelle yangu ni ya 1965. Nyuma inavuja mafuta pale kwenye mpira wa ekseli karibu na bwati. Kijana wangu anasema vichwa vya kardani vimekufa, anataka kuvitoa. Ninaomba ushauri wako. — Mzee wa Kamalondo*

Mzee wangu, shikamoo, na umzuie kijana kabla hajanunua chochote. Gari lako halina vichwa hivyo. Coccinelle za wakati huo ekseli yake inapita ndani ya bomba, na yote inapanda na kushuka kutoka ubavuni mwa bwati. Vichwa vya gololi vilikuja kwenye ekseli za nyuma za Kombi na modeli za 1968, na kwa Coccinelle nyingi za Ulaya vikafika na modeli ya 1302 mwaka 1970.

Kinachovuja kwako ni mafuta ya bwati yenyewe, kwa sababu mpira ule unayazuia yasitoke. Ukimwacha kijana aendeshe hivyo, bwati litabaki kavu, na bwati la gari hilo ni ghali kuliko mpira mara nyingi mno. Ipo mipira iliyopasuliwa kwa makusudi, inazungushiwa bomba na kufungwa kwa skrubu ndogo bila kubomoa kitu. Mwambie aoshe bomba hadi likauke, na mshono aulaze ubavuni, usiangalie juu wala chini. Skrubu azikaze mara ya mwisho gari likiwa limesimama chini kwa uzito wake, na kwa mkono mwepesi, maana ukizikaza sana mpira unabinuka na kuvuja upya. Kisha mpime mafuta ya bwati kwa kidole kupitia tundu la kujazia ubavuni, gari likiwa sawa: yakifika ukingoni, funga.